Kalamu ya Sanduku la Nne

Mwalimu wenu wa biolojia aliniita nije niwaambie kazi ya maabara ni kitu gani. Mkanipa dakika ishirini, kengele ikagongwa, nusu yenu mkakimbilia maharage. Siwalaumu. Mimi nilipokuwa nakaa kwenye benchi hizo hizo sikuwa na subira ya kumsikiliza mtu hata akiwa anagawa pipi. Ila msichana mmoja wa mbele, mwenye daftari la kijani, aliniuliza, "Kwa nini uliacha?" Nikamwambia kazi iliisha. Si uongo, lakini si jibu. Basi nimekaa nimeandika haya. Mwalimu awasomee au ayawashie jiko, shauri yake.

Mtacheka, mtu wa miaka ishirini na nne kujiita mstaafu. Chekeni. Nilifanya kazi moja, miaka miwili na miezi, na sitaifanya tena hata nikibembelezwa. Kama huko si kustaafu, nipeni neno lingine.

Niseme kubwa kwanza, maana sipendi hadithi zinazozunguka. Nilifundishwa kazi na mzee mmoja anaitwa Ladislas. Kwa sababu yangu Mzee Ladislas alifukuzwa, na mke wake akakosa kitu kimoja tu kilichokuwa kinamwezesha kulala. Mke wake ameshakufa. Haya mengine yote ni namna ilivyotokea.

Maabara ilikuwa kule Kinyinya, nje kidogo ya mji, nyumba ya matofali yenye bati jipya katikati ya mashamba ya mtama, mahali ambapo wenyeji walikuwa wanapita wakiziba pua kwa vile walisikia tunafuga panya. Panya wenyewe walikuwa weupe, wasafi kuliko mimi. Mwenye maabara alikuwa mzungu, sisi tukimwita Dogiteri, yaani daktari. Alikuwa anataka kujua jambo moja. Waganga wa milimani wana mzizi fulani wanauchemsha kwa ajili ya maumivu. Je, mzizi ule unamshika mtu kama mofini, ile dawa kali ya maumivu ya hospitali, inavyomshika, mpaka asiweze kuishi bila? Mtu huwezi kumjaribu hivyo. Panya unaweza, walisema.

Kwa hiyo kila panya alikuwa na sanduku lake, na ndani ya sanduku pedali ndogo ya chuma. Akiibonyeza, pampu iliyo nje inazunguka kidogo na kusukuma tone la dawa ndani ya mpira mwembamba kama uzi wa viatu, na mpira unakwenda mpaka kwenye mshipa wake wa shingo. Hakuna anayemlazimisha. Anajipa mwenyewe. Masanduku manne ya kwanza yalikuwa ya mofini, manne ya mwisho ya mzizi. Juu ya kila sanduku karatasi ilikuwa inazunguka polepole, na kalamu imelala juu yake. Kila panya akibonyeza, kalamu inapanda ngazi moja. Akiacha, kalamu inakwenda moja kwa moja, mstari tu. Mkisikia nasema mlima, ni huo: panya amebonyeza sana. Mkisikia nasema uwanda, ametulia.

Lugha ya mle ndani ilikuwa Kiswahili, na msidhani ni kwa sababu ya mapenzi. Dogiteri alikuwa ameishi Zaire miaka mingi, Kinyarwanda kilimshinda, na Kifaransa cha Mzee Ladislas kilikuwa cha kanisani tu. Kiswahili kikabaki. Lakini kilikuwa Kiswahili cha aina tatu ndani ya chumba kimoja. Changu cha Biryogo, mtaa wetu wa Waswahili, nilichokunywa na maziwa. Cha Dogiteri cha kule Zaire ziwani, ambamo "kutosha" maana yake ni kutoa. Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Saidi, tosha panya." Nikamjibu, "Ndiyo, Dogiteri, wanatosha." Akanitazama kama mimi ndiye mgonjwa. Na cha Mzee Ladislas, ambacho kilikuwa na R mahali pa L na L mahali pa R, na katikati Kinyarwanda kinapita kama mtu wa nyumbani.

Siku hiyo hiyo ya kwanza Mzee alinipigia kelele kutoka chumba cha masanduku: "Saidi we! Njoo upesi! Karamu imekauka!"

Nikaingia nacheka. "Mzee, karamu ikikauka si tulete pombe?"

"Unacheka nini, sha? Nimesema karamu. Hii ya kuandika. Reta wino."

Nilimsahihisha. Nilikuwa nasahihisha kila mtu, ni tabia mbaya ya mtu aliyemaliza sekondari juzi. Akasema, "Haya, ka-la-mu. Imejaa sasa?" Wino ulikuwa bado haujatiwa. "Umeona," akasema, "jina umelitengeneza, kitu chenyewe bado kimekauka."

Kisa cha "kulia" kilitokea kabla sijafika, alinihadithia mwenyewe akijicheka. Kila sanduku lilikuwa na sindano mbili kubwa zilizolala kwenye pampu, ya kushoto ina maji ya chumvi ya kusafishia mpira, ya kulia ina dawa. Jioni moja Dogiteri akiwa mlangoni anaondoka alimwambia, "Ladislas, fungula ya kulia." Sasa nyinyi mnajua, kwa Kinyarwanda kula ni kurya. Mzee akasikia afungue ya kula. Akafungua droo za chakula zote nane. Asubuhi Dogiteri anakuta panya wamelala chali kama wazee wametoka harusini, na karatasi zote uwanda mtupu. Alikaa siku mbili akiandika kwamba mofini inanenepesha.

Baada ya hapo Mzee Ladislas alifunga uzi mwekundu kwenye kila sindano ya upande ule, na hakuiita tena jina lingine. Aliita "ya uzi". Shikeni hilo vizuri. Kwa miaka zaidi ya miwili, kinywani mwake na masikioni mwake, upande ule ulikuwa "ya uzi". Neno kulia likabaki na maana moja tu, ile ya machozi.

Alinifundisha mengi, na nitawapa machache bure. Panya usimshike mkia, mshike mabega kama unavyomshika mtoto anayetaka kukimbia. Pasha mikono joto kwanza, ipitishe kwapani ukikosa maji ya moto. Usibadilishe sabuni. Mimi nilinunua sabuni ya manukato kwa sababu ya msichana fulani wa Kabuga, na wiki nzima panya wote walijibana pembeni hawabonyezi. Dogiteri alitafuta kosa kwenye mitambo mpaka Mzee akaninusa shingo na kusema, "Kosa nimelipata."

Na hili, ambalo ndilo kubwa: panya akiacha kubonyeza, usimshuku panya, shuku mpira. Damu imeganda ndani, au mpira umejikunja. Mzee alikuwa anasema, "Panya hasemi uongo. Hana mtu wa kumwogopa." Alikuwa anausikiliza mpira kwa vidole. Anaushika hapa, anaushika pale, anasema "imefungwa hapa," na ndipo ilipokuwa imefungwa. Nilijaribu mwaka mzima. Sikuweza. Nilikuwa na haraka, nabana, mpira unapasuka.

Kuna wiki tuliyokuwa tukiiita wiki ya maji. Baada ya mwezi wa mofini, Dogiteri anasema tubadilishe, tuweke maji ya chumvi kwenye ya uzi pia, tuone panya atafanya nini. Mngedhani anabonyeza mara mbili, anaona hakuna kitu, anaacha. Siyo. Saa ya kwanza anabonyeza kuliko alivyowahi kubonyeza maishani. Kalamu inapanda kama ukuta. Anauma pedali. Anabonyeza kwa miguu miwili. Kisha polepole anapungua, anapungua, na mwisho uwanda. Ukishaiona karatasi hiyo mara moja, huwezi kuichanganya na nyingine yoyote.

Mimi nilikuwa naipenda sana wiki ya maji, kwa sababu karatasi zake zilikuwa nzuri. Nawaambia ukweli. Mzee Ladislas alikuwa haipendi. Aligeuza kiti chake akaangalia dirisha.

"Mzee, njoo uone namba mbili, amepanda mpaka ukingoni!"

"Nimesikia," akasema. "Anagonga mlango. Nani anafurahia mtu anayegonga mlango?"

Mke wake aliitwa Veneranda. Walikaa Kabuga, juu kidogo ya soko, na zamani alikuwa anauza mihogo iliyotwangwa. Mwaka wa tisini na mbili alianza na uvimbe kwenye titi, wakauficha, wakaukanda, wakaupeleka kwa waganga, na walipoufikisha hospitali ulikuwa umeshapasuka. Walimrudisha nyumbani. Dawa kali ya maumivu waliambiwa hakuna, vita vilikuwa kaskazini na majeruhi wanaingia kila siku. Walipewa aspirini kwenye karatasi ya daftari.

Mzee hakuwa mtu wa kulalamika. Nilijua kwa jambo moja tu. Alianza kusinzia kazini, kichwa kinaanguka juu ya sanduku. Nikamtania: "Mzee, bibi bado anakukesha na umri huo?"

Akanitazama. Hakukasirika, na ndiyo sababu sijasahau. "Ananikesha," akasema. "Anaria. Anaria kwa sauti ya chini, ili majirani wasisikie. Ariko, rakini mimi si jirani."

Nilitaka kumwambia pole. Nikamwambia, "Analia, Mzee. Si anaria."

Ndivyo nilivyokuwa.

Sasa kalamu. Mvua za mwaka huo zilikuwa zimeanza. Nikiingia asubuhi nakuta kalamu ya sanduku la nne imekauka. Karatasi imezunguka usiku kucha, nyeupe, haina hata alama. Mara ya kwanza nikatia wino. Siku mbili baadaye, imekauka tena. Nikamuuliza Mzee.

"Hiyo karamu ya nne ni mbovu," akasema. "Iache. Panya mwenyewe ni mzee, Dogiteri amekwisha pata habari zake zote. Hana kazi naye."

Hilo lilikuwa kweli. Panya wa nne alikuwa amebaki kwa sababu tu hatukuwa na wa kumweka badala yake. Mtu mwenye akili angeiacha. Lakini mimi nilikuwa nimeambiwa shuleni kwamba mfanyakazi mzuri ni yule anayetengeneza kitu bila kuombwa. Jumatano ile Mzee alikuwa ameondoka mapema kuwahi gari la Kabuga. Nikabaki. Nikaitoa kalamu ya nne, nikaifungua, na sikuona ubovu wowote. Bomba lake lilikuwa safi. Kilichokuwepo ni kipande kidogo sana cha pamba, kimesukumwa ndani kwa ustadi, kinazuia wino usishuke. Nikafikiri ni vumbi la mvua. Vumbi! Nikakichomoa kwa pini, nikatia wino, nikairudisha, nikaenda nyumbani napiga mluzi.

Asubuhi kalamu ilikuwa imepanda ukuta. Namba nne, panya mzee mvivu asiyekuwa na kazi, amebonyeza mpaka karatasi imechanika ukingoni. Na chini ya karatasi mkono wa Mzee umeandika kama kila siku: mofini.

Mngekuwa nyinyi mngefanya nini? Nawauliza kweli. Mzee alikuwa hajafika, gari la Kabuga lilikuwa likichelewa kwa sababu ya vizuizi. Ningemsubiri nusu saa tu. Lakini nilidhani nimegundua kitu. Wallahi nilidhani kwamba panya huyu, baada ya miezi mingi, amejifunza jambo ambalo hakuna mtu ameliona, na jina langu litaandikwa mahali. Nikaikunja karatasi, nikakimbia nayo kwa Dogiteri hata kabla hajavua koti la mvua.

Aliitandaza mezani. Akaitazama kidogo tu.

"Saidi. Hii iko karatasi ya maji."

"Hapana, Dogiteri. Imeandikwa mofini."

"Minasoma vile imeandikwa." Akagusa ule mlima kwa kidole. "Panya hasomake."

Nilielewa yote kwa mpigo: pamba, kalamu, gari la Kabuga, kusinzia. Mofini ilikuwa inakwenda Kabuga, na panya anaachiwa maji. Na mlango ukafunguka. Mzee Ladislas akaingia, ameloa, anafuta miguu, anasema, "Mwaramutse, Dogiteri. Barabara leo iko mbaya sana."

Dogiteri hakuwa mtu mkali. Nimelifikiria sana na nina hakika alidhani ni kosa tu, kwamba Mzee alichanganya sindano, kama siku ile ya chakula. Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Akamuuliza, "Ladislas, sindano ya kulia, njo weye uliitosha?"

Alikuwa anauliza: ile ya upande wa kulia, ni wewe uliyeitoa? Jibu lilikuwa rahisi. Ndiyo Dogiteri, nilikosea, niliweka maji. Angemsonya kidogo, ingekwisha.

Lakini Mzee hakuwa na "ya kulia" yoyote. Alikuwa na "ya uzi". Alichosikia ni kwamba anaulizwa habari za sindano ya machozi, na kama ilimtosha mtu. Nilimwona akisimama pale mlangoni, mguu mmoja bado juu ya tambara. Uso wake ukalegea kama mtu aliyeshikwa mkono na ndugu msibani.

"Ndiyo, Dogiteri," akasema. "Ni ya kuria. Imana ikubariki kwa kuuriza. Haitoshi. Akipata kidogo mdomoni anarara masaa matatu, manne. Kisha anaria tena."

Dogiteri hakuelewa. R zile zilimpita. Akanigeukia mimi, mkalimani wake, kama alivyozoea mara mia.

"Anasema nini? Nani analia?"

Jamani. Nilikuwa na muda. Watu wanasema mambo kama hayo yanakwenda haraka, lakini mimi nawaambia nilikuwa na muda wa kutosha. Ningesema, anasema panya wa nne analia, mpira wake umeziba. Mzee mwenyewe asingejua kwa nini nimesema hivyo mpaka tumetoka nje. Uongo wa maneno manne. Na karatasi? Karatasi ningeichana mwenyewe.

Lakini nilikuwa kijana wa kusema sawasawa. Nilikuwa nimetumia miaka miwili nikirekebisha matamshi ya mzee yule, na sasa mtu ananiomba nirekebishe tena. Neno likanitoka kabla sijalitafuna.

"Mke wake, Dogiteri. Ana kidonda cha titi. Anasema anampa mofini ya panya wa nne."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Mzee Ladislas alinitazama, kisha akamtazama Dogiteri, na ndipo alipojua kwamba swali halikuwa lile alilolijibu.

Dogiteri alikaa. Alisema mambo mengi, mengine kwa Kifaransa. Kwamba dawa ile ilikuja kwa karatasi za serikali mbili. Kwamba ikijulikana imetoka nje hata tone moja, maabara itafungwa na yeye atashtakiwa. Kwamba kwa nini hakumwambia. Mzee akauliza, "Ningekuambia, ungenipa?" Dogiteri ni mtu mkweli, sitamsingizia. Hakusema ndiyo.

Kabla ya saa sita Mzee alikuwa amekunja koti lake jeupe, mikono ndani, kama linavyokunjwa dukani. Aliliweka juu ya kiti. Mimi nilikuwa nimesimama kama mlingoti. Alipopita karibu yangu nilidhani atanitemea mate, na ningeshukuru.

"Namba sita," akasema. "Mpira wake unaanza kufunga karibu na shingo. Usiuvute. Uusukume porepore."

Sikumsahihisha.

Mtasema sasa niliacha kazi siku hiyo. Sikuacha. Nilipewa cheo chake, ufunguo wake na kiti chake cha dirishani, nikakaa miezi mingine mitano. Msichana wa daftari la kijani, andika hilo pia. Mpira wa namba sita niliuvuta.

Mwishowe ilikuwa ni Dogiteri aliyefunga, si mimi. Vita vilisogea, kwao walimwandikia arudi. Panya tuliwalaza kwa etha ndani ya mtungi wa kioo, mmoja mmoja, mchana kweupe, na mimi ndiye niliyekuwa nawashika, mabega, mikono yangu imepashwa joto. Mofini iliyobaki hairuhusiwi kuachwa wala kupewa mtu. Inamwagwa mbele ya watu wawili. Mtu mmoja wa serikali alikuja na mfuko wa ngozi kushuhudia, na mimi nilikuwa wa pili. Zilikuwa chupa nyingi kuliko nilivyodhani. Nilizifungua moja baada ya nyingine nikamimina kwenye sinki huku bomba la maji liko wazi. Yule mtu wa mfuko alitazama saa yake. Nilitia sahihi. Jina langu limeandikwa mahali, hatimaye.

Lakini kwenda Kabuga nilikwenda kabla ya hapo, wiki tatu baada ya Mzee kufukuzwa. Nilipanda nyuma ya lori la mtama, maana nilikuwa naona aibu kukaa kwenye gari na watu. Pale kwenye kizuizi askari alisoma kitambulisho changu mara mbili, akaniuliza nakwenda kwa nani. Nikasema kwa mgonjwa. Akauliza ana ugonjwa gani, nikamwambia, akanirudishia kitambulisho.

Nilikuwa nimebeba nini? Aspirini, pakiti tatu. Na sukari. Mniambie nyinyi wenye akili, mtu anapeleka aspirini.

Mzee Ladislas alikuwa uani anapasua kuni. Hakushangaa. "Saidi we," akasema, "umekuja. Ingia basi, usisimame kama mtu wa kodi." Akaita ndani kwa Kinyarwanda kwamba kuna mgeni, yule kijana wa Kinyinya.

Nikamwambia hapo hapo uani. Nilikuwa nimejifunza maneno njiani, yakaanguka yote. Nikasema, "Mzee, ningeweza kusema panya."

Akaegemeza shoka.

"Nimefikiri hiyo," akasema. "Ungeweza. Na mimi ningeweza kukuambia habari ya pamba. Niriona wewe ni kijana wa kuandika kila kitu, nikaogopa." Akaokota kuni. "Ingia. Hawezi kukaa sana."

Chumba kilikuwa na harufu ya kidonda na majani ya mkaratusi waliyochoma kuificha. Mama Veneranda alikuwa amekaa kitandani, mto nyuma, amefungwa kitenge kifuani. Nilitegemea awe mtu aliyezimika. Macho yalikuwa makali, ya mwanamke wa soko. Jirani mmoja, mama wa makamo aliyekuwa akimpepea, aliniambia kwa furaha, "Ametulia siku hizi. Wiki ya kwanza alipiga kelele, jamani, mpaka tukashindwa. Sasa Mungu amesaidia, hapigi tena."

Nilitazama mikono yake Mama Veneranda, juu ya blanketi, jinsi ilivyolishika. Mtu aliyepona hashiki kitu namna ile.

"Wewe ndiye Saidi," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kizuri kuliko cha mumewe. "Unayemfundisha mzee wangu kusema."

"Nisamehe, Mama."

"Ah. Hajajifunza." Akapumua mara mbili, tatu, akisubiri kitu kipite. Kilipopita akaniashiria nikae kwenye kigoda. "Nataka kukuuliza. Huyu hapa nimemuuliza, hanijibu, anatoka nje kupasua kuni. Kuni za mwaka mzima amepasua."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Akatazama sakafu.

"Hao panya," akasema Mama Veneranda, "wanaopewa ile dawa. Wanaumwa nini?"

Jirani aliacha kupepea.

Nilitafuta. Nawaapia nilitafuta, na safari hii uongo nilikuwa nao tayari, ulikuwa mdomoni. Wana kidonda, Mama. Wanaumwa sana, Mama, ndiyo maana. Lakini alikuwa ananitazama usoni, na nilijua ameshauliza na ameshajibiwa na kuni zile.

"Hawaumwi kitu, Mama," nikasema. "Ni wazima."

Sauti yangu ilitoka ndogo. Mzee Ladislas akasema kutoka mlangoni, polepole, "Hajasikia. Mwambie vizuri."

Nikasogeza kigoda karibu na kitanda, nikamwambia tena.

"Ni wazima, Mama. Wote."

Mara hii alisikia. Akaitikia kwa kichwa, akageuka kumtazama mumewe, akamwambia aniletee chai.